Mchi wa Tatu

Kila siku saa moja asubuhi dada yangu hunipigia simu kutoka kijijini kwetu Wema na kuniambia neno moja. Akisema "Amelala," namshukuru, nakata simu na kuandika. Akisema "Hajalala," namwuliza huu ni usiku wa ngapi, kisha naandika pia. Utaratibu huu tumeushika kwa miaka kumi na moja. Mimi ni fundi wa redio, simu na umeme wa jua mjini Garsen, na daftari lenyewe hukaa juu ya meza yangu ya kazi, kati ya mita ya kupimia umeme na kopo la skrubu. Lina safu tatu: usingizi, dawa, ngoma. Anayeandikwa humo ni kaka yetu anayeishi kwa dada, kifungua mimba wa mama yetu, mpiga ngoma na mtunzi wa nyimbo, ambaye tangu ujana ana ugonjwa wa akili unaompandisha juu mno na kumshusha chini mno.

Mimi sikuvuka darasa la nane. Mengine niliyo nayo nimeyapata kwa kusoma peke yangu. Nilijifunza redio kwa kuzifungua na kuchora kila waya ulikotoka kabla ya kuugusa, na ugonjwa wa kaka nilijaribu kujifunza kwa njia hiyo hiyo. Nilipata kitabu cha wauguzi kilichokosa jalada, nikakisoma mara nne kwa msaada wa kamusi. Muuguzi wa akili anayehudumia Garsen alinieleza yaliyokuwa hayamo. Kutoka kwao nilielewa kwamba kwa kaka usingizi ndio huondoka kwanza, na mambo mengine hufuata. Ndiyo maana safu ya usingizi iko mwanzo.

Safu ya ngoma nahitaji kuieleza, kwa sababu kosa langu limo humo.

Tulipokuwa wadogo, mpunga wa shamba letu la mtoni ulitwangwa nyumbani. Mama alitwanga pamoja na shangazi zetu wawili, wanawake watatu kwenye kinu kimoja. Mchi mmoja unashuka, wa pili umefika kiunoni ukipanda, wa tatu uko juu ya kichwa unangoja. Ukikosea kidogo tu michi inagongana na mtu anaumia vidole. Mama alisema kwamba mchi wa kwanza hata mgeni anaweza kuushika, wa pili unataka nguvu, na wa tatu unataka akili, kwa sababu huingia mahali ambapo wenzake wameuachia, na mahali hapo ni padogo. Kaka, alipokuwa hajaanza shule, alikaa kando ya kinu akipigapiga mapaja yake. Watu wazima walidhani anacheza. Alipofika miaka kumi na minne alichonga ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, akazipiga peke yake, na mama akatoka jikoni na unga mikononi akauliza ni nani wanaotwanga uani.

Nyimbo zake zote zimejengwa juu ya mwendo huo. Aliimbisha kwaya ya kanisa, alialikwa kwenye harusi kuanzia Ozi hadi Tarasaa. Siku hizi mpunga hupelekwa mashineni na wasichana wengi hawajui kutwanga watatu, lakini wakisikia ngoma zake miguu yao inajua.

Alipofika miaka ishirini na mbili alipiga ngoma siku tatu bila kulala wala kula, kisha akaanza kuwaambia watu kwamba mto unamwagiza aufundishe kupanda. Tulimfunga kwa kamba ya mtumbwi kwenye nguzo ya nyumba. Ncha moja ya kamba ile niliishika mimi, nikiwa na miaka kumi na sita. Baba akaipasua ngoma kubwa kwa shoka akiamini ndiyo iliyomtia wazimu, na kaka akaitazama ikipasuka. Maradhi yalirudi tena na tena baada ya hapo. Kwaya ikapata mwalimu mwingine. Kati ya kupanda na kushuka kulikuwa na miaka mizuri, na katika miaka hiyo alichonga ngoma kubwa nyingine, akatunga nyimbo zinazoimbwa mpaka leo na watu wasiojua ni zake.

Kisha zikaja dawa za kudumu, vidonge na sindano ya kila mwezi. Alitulia. Alilima, alichota maji, alikula na watu. Lakini mikono yake ikawa mizito na kikombe cha chai kikawa kinatetemeka mkononi mwake. Alipopiga ngoma alipiga polepole, akiinama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mtaani walisema dawa imemmaliza. Mimi, niliyekuwa nikizihesabu dawa hizo na kugomba akikosa moja, niliamini hivyo pia. Sikumwambia mtu. Katika safu ya ngoma nilikuwa naandika "kidogo", "kidogo", "kidogo", na kila nilipoandika nilihisi kama ninaandika deni.

Miaka miwili iliyopita alikuja mwanamke mtengeneza filamu kutoka Nairobi pamoja na mpiga picha wake. Alikuwa ameona kipande cha video cha harusi kwenye simu ya mtu, kaka akipiga ngoma, na akauliza huyu ni nani mpaka akafika mlangoni kwetu. Alitaka kutengeneza filamu ya kweli, kaka aonekane alivyo, na ugonjwa wake na muziki wake. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Siku tatu za mwanzo hakutoa kamera. Alikaa na dada akichambua mboga.

Kaka alikubali kwa masharti. Alinitaka niyaandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu, naye akayasema taratibu kama anayemsomea mwanafunzi imla. Asipigwe picha akiwa hospitali. Akiwa hajalala usiku mbili mfululizo, kamera isije kabisa. Na filamu ikiisha, yeye aione kwanza, na sehemu atakayoikataa itolewe.

"Na hilo la pili," mtengeneza filamu aliuliza, "nani ataniambia?"

"Huyu," kaka alisema akinielekeza kidevu. "Daktari wa redio. Yeye ndiye anayejua nimelala lini kuliko mimi mwenyewe."

Tulicheka. Sote watatu tukatia sahihi. Betri za kamera zilikuwa zikichajiwa kwangu Garsen, kwa hiyo kila asubuhi wageni walipopita kuzichukua waliniuliza kama waende, nami nilijibu kulingana na simu ya dada. Kwa wiki tano nilijibu ndiyo, na ilikuwa ndiyo ya kweli.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa Alhamisi. Dada alipiga simu mapema kuliko kawaida.

"Hajalala."

"Usiku wa ngapi?"

"Wa pili. Na chai hataki, dawa kakataa. Yuko uani na ngoma tangu kukucha. Hao wageni wako wasije leo."

"Nitaona."

"Utaona nini? Mimi ndiye niliyeona."

Niliandika "2" katika safu ya usingizi. Niliandika kwa wino, na mwandiko wangu ni mzuri. Katika safu ya dawa niliandika "amekataa", na katika ya ngoma "sana". Ni miaka mingi nilikuwa sijaandika neno hilo. Nusu saa baadaye mtengeneza filamu alisimama mlangoni akauliza, "Mzee, leo vipi, twende?" nami nikasema, "Twendeni. Lakini tusikae sana."

Nimejaribu kueleza jibu lile kwa uaminifu. Sikusahau sharti, wala sikulielewa vibaya. Nilitaka kusikia. Na nilitaka mtu mwenye kamera asikie, ili ijulikane kwamba yule mtu mzito anayetetemesha kikombe siye kaka yangu.

Tulimkuta amevua shati. Ngoma tatu zilikuwa mbele yake na mikono yake haikuonekana vizuri, ilivyokuwa ikienda mbio. Alipiga wimbo wa kutwanga, ule wa kwanza kabisa alioutunga, lakini kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote, na juu yake akaimba maneno mapya bila kukwama, ubeti juu ya ubeti. Majirani walisimama kwenye ua. Kamera ilichukua dakika sita. Mpiga picha aliposhusha kamera jasho lilikuwa linamtoka yeye kuliko kaka. "Huyu mzee ni noma," alisema kwa sauti ndogo. "Noma kabisa." Mimi nilikuwa nyuma yao, na kilichokuwa kifuani mwangu kilikuwa ni fahari. Dada alisimama mlangoni mwa jiko akinitazama mimi, si kaka.

Jumamosi asubuhi kaka aliingia mtoni na nguo zake. Mahali pale pana mamba. Wavuvi wawili waliokuwa na mtumbwi karibu walimshika kwapani wakamtoa. Alilazwa wiki tatu.

Aliporudi hakukumbuka mengi ya siku zile. Aliniuliza kama wageni walikuwepo. Nilimwambia walikuja, wakapiga picha kidogo, wakaondoka. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Mtengeneza filamu alirudi baada ya miezi minane na kompyuta. Tulikaa barazani kwa dada, kaka kwenye kiti cha kamba, mimi kando yake, dada kwenye mkeka. Filamu ilikuwa njema. Ilimwonyesha akipalilia, akigombana na dada kuhusu chumvi, akifundisha wimbo watoto wa jirani, akisubiri sindano yake kwenye benchi. Mtu mgonjwa hakudhihakiwa hata mara moja. Karibu na mwisho zikaja zile dakika sita, zote, bila kukatwa.

Dada aliinuka akaingia ndani. Kaka alisogea mbele, kiganja kikaanza kupiga goti. Kikapiga kidogo, kikasimama. Ilipoisha, mtengeneza filamu alikuwa anafuta macho ingawa bila shaka alikuwa ameiona mara mia.

"Rudisha," kaka alisema.

Akarudisha. Safari hii kaka alifumba macho.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu hakuingoja ifike mwisho. Alinyoosha mkono, kidole kikitetemeka, akaonyesha kompyuta. "Mchi wa tatu haupo," alisema.

Hatukumwelewa.

"Ngoma ndogo. Inalia, lakini haina mahali. Kubwa na ya kati zimejaza pote. Huyu mtu anapiga michi miwili na kelele."

"Mzee," mtengeneza filamu alisema, "hapo ndipo kila niliyemwonyesha amekaa kimya. Hakuna aliyepumua."

"Naam. Watu hukaa kimya pia mtu anapoanguka kutoka juu ya mnazi."

Alitabasamu aliposema hivyo, lakini sisi hatukuweza.

"Bila sehemu hii watu hawatajua kipaji chako ni kikubwa kiasi gani."

"Na wakiiona watajua nini? Watajua niliumwa. Watasema, kumbe kipaji ni ule ugonjwa, na dawa zimekiua. Hata hapa Wema wanasema. Mimi si kiziwi."

Hapo ndipo nilipoongea. Nilisema, "Kaka, mimi sijawahi kukusikia ukipiga vile."

Aligeuka akanitazama. "Hukuwahi," alisema. "Daftari unalo?"

Lilikuwa mkobani. Sitoki bila hilo.

"Siku hiyo ilikuwa usiku wa ngapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nililitoa, nikafungua ukurasa, nikampa. Alisoma mstari wote kutoka kushoto mpaka kulia, kidole chini ya kila safu: mbili, amekataa, sana. Kisha alifungua ukurasa wa mwisho, penye masharti na sahihi tatu, akausoma nao. Mtengeneza filamu alinigeukia, na nikaona usoni mwake kwamba hakuwa anajua. Siku ile aliniuliza swali, nami nikampa jibu, na jibu lilikuwa langu.

"Umeandika vizuri," kaka alisema. Akanirudishia daftari.

Nimewahi kupigwa na baba kwa fimbo ya mkwaju. Haikuniuma kama maneno yale mawili.

Mtengeneza filamu ndiye aliyeongea kwanza. Aliomba radhi, akasema sehemu ile itatoka kwa kuwa ilichukuliwa kinyume cha sharti, na hilo halina mjadala. Lakini alikuwa mkweli, akaongeza kwamba moyoni bado haoni kosa lililomo ndani ya muziki wenyewe. Nilikuwa nafikiri vivyo hivyo, ila sikuwa na uso wa kulisema.

"Hamtaki kuniamini," kaka alisema, na sasa alionekana kama mwalimu wa kwaya niliyemjua zamani. "Haya. Dada! Toa kinu cha mama."

"Cha nini? Mchwa wameshakionja," dada alijibu kutoka ndani.

"Kionjwe tu. Toa. Na mwite jirani na binti yake."

Kinu kilitolewa, kikafutwa vumbi, kikatiwa mpunga bakuli moja. Jirani yetu ni mjane mwenye mdomo, aliyetwanga na mama siku za mwisho za mama. Binti yake alikuwa ametoka shambani kufukuza ndege kwenye mpunga na bado alikuwa na teo, kombeo la kurushia mawe, begani. Kaka aliwapanga: jirani mchi wa kwanza, binti wa pili, dada wa tatu. Mimi niliunganisha spika yangu na kompyuta.

Kwanza kaka aliwapigia yeye mwenyewe, kwa mikono yake mizito, wimbo ule ule. Walianza kwa kukosea wakicheka, kisha wakashikana. Punje zikaanza kuruka kwenye mdomo wa kinu. Dada, ambaye miguu inamuuma, alikuwa ananyanyua mchi kama msichana, na kila unaposhuka ngoma ndogo inalia, si kabla, si baada.

Kisha akaniashiria niwashe zile dakika sita.

Walijaribu. Nawapa haki yao, walijaribu kwa moyo. Jirani aliwahi, binti akawahi zaidi, michi ikagongana juu ya kinu, mpunga ukamwagika. Walianza upya, ikagongana tena. Dada alisimama na mchi wake juu, anangoja mahali pa kuushusha. Nilimtazama akingoja. Alingoja na kungoja na mahali hapakuja, na mikono yake ikaanza kushuka yenyewe kwa uchovu.

"Zima hiyo!" jirani alipiga kelele. "Hiyo si ngoma ya kutwanga, ni ya kufukuza ndege! Mpe binti yangu aende nayo shamba, apumzishe teo."

"Aliyepiga hiyo hajawahi kula wali," binti alisema akipuliza vidole.

"Ni mimi niliyepiga," kaka alisema.

"Basi siku hiyo ulikuwa umeshiba sana, kaka," jirani alisema. Wakacheka wote, naye akacheka pamoja nao. Nilikuwa sijasikia mtu wa kijijini akimtania kaka kuhusu siku zake za ugonjwa mbele yake. Siku zote yalisemwa akiwa amegeuza mgongo.

Nilizima spika. Nilikuwa nimesikia. Kwa miaka ishirini na zaidi nimepima volti kwa mita na kudharau wanaokisia, lakini muziki wa ndugu yangu nilikuwa naupima kwa kasi, kwa sababu kasi ni rahisi kuipima. Kwenye safu yangu niliandika "kidogo" na "sana". Sikuwa na safu ya mchi wa tatu.

Mtengeneza filamu alikaa kwenye ngazi ya baraza na mikono mapajani. "Sikuwa najua nasikiliza nini," alisema.

"Ulikuwa unasikiliza mtu anayekimbia," kaka alimjibu kwa upole. "Na sitakudanganya, mama. Ile kasi naikumbuka mikononi. Ilikuwa tamu. Nikiwa ndani yake sioni kosa hata moja, naona mimi ndiye niliyeumba mpunga. Dawa zimeniondolea utamu huo, na siku nyingine naulilia. Usifikiri siulilii. Lakini wimbo ni wa watu watatu."

Walikaa siku nne zaidi ili kupiga picha upya. Haikuwa rahisi. Mikono ya kaka ilichoka upesi, na siku ya pili alipiga vibaya mpaka akazigeuza ngoma kifudifudi akaondoka. Siku ya nne asubuhi walipata walichokitaka: kaka na wanawake watatu, kinu, dakika nne na kidogo. Katikati dada anakosea, anacheka, anaingia tena. Mtengeneza filamu aliuliza kama warudie. Kaka akasema hapana, kukosea kule kulikuwa na mwendo.

Kila asubuhi ya siku hizo nne walipita kwangu kuchukua betri. Hakuna aliyeniuliza kama waende. Dada alikuwa akiwapigia wao. Kwangu alipiga pia, saa moja kama kawaida, akasema neno lake, nikaandika.

Filamu ilionyeshwa mwaka uliopita katika ukumbi wa kanisa Garsen, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mashuka. Mimi niliweka spika na waya. Watu walijaa, Wapokomo wa mtoni, Waorma, Wasomali wenye maduka jirani na langu, na nyuma kabisa wanakwaya wa zamani. Sehemu ya kutwanga ilipofika hakuna aliyekaa kimya. Akina mama walianza kupiga makofi kufuata mwendo, dada alipokosea ukumbi wote ukacheka, na mzee mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake kwamba alidhani jamaa huyu anapiga kwa nguvu zaidi, kumbe. Mwenzake akamjibu, "Wewe sikiliza." Sidhani filamu ilimgeuza kila mtu. Baadhi walitoka wakisema ni ya polepole. Kaka alikuwa amekaa pembeni, kikombe cha soda kikitetemeka mkononi, na hakukificha.

Jioni ile, tukiwa tunakunja waya, nilimwuliza nizifute zile dakika sita. Nilikuwa na nakala kwenye simu, mtengeneza filamu alikuwa amenipa kwa idhini ya kaka.

"Usifute," alisema. "Ziweke karibu."

"Za nini?"

"Siku utakaposikia napiga vizuri mno, daktari wa redio, siku utakaposikia mpaka ukaona fahari, uje unichezee. Mimi nikiwa ndani sisikii. Lakini ile ya nje labda nitaisikia."

Hilo ndilo alilonipa badala ya kunisamehe, na nililichukua.

Niliongeza safu ya nne kwenye daftari. Siijazi mimi. Jumapili nikienda Wema, kaka mwenyewe huchukua kalamu na kuandika kama mchi wa tatu ulikuwepo wiki hiyo. Mwandiko wake ni mbaya na hutoka nje ya mstari.

Mvua za masika zilizopita, dada alipiga simu saa moja. "Hajalala. Wa kwanza. Lakini anapiga." Niliandika "1". Nilifunga duka, nikapanda bodaboda kwenye matope, nikafika kabla ya saa tatu. Ngoma nilizisikia kutoka barabarani, na nakiri zilikuwa nzuri, na nakiri kwamba nilisimama kidogo kwenye ua nikizisikiliza. Kisha niliingia.

"Umekuja kutazama?" alisema bila kusimama. Macho yalikuwa yanang'aa.

Nilikaa chini mbele yake, nikatoa simu, nikaziwasha zile dakika sita, sauti mpaka mwisho. Kwa muda ngoma mbili zililia pamoja, ya simu na ya mikono yake, na zilikuwa karibu sawa. Alikunja uso. Alipiga kidogo zaidi, akainamisha kichwa, akasikiliza, akapiga tena kana kwamba anatafuta kitu alichokiangusha. Dada alikuwa mlangoni mwa jiko, mahali pale pale.

Mikono ikasimama.

"Haupo?" aliniuliza.

"Haupo," nikasema.

Alitazama ngoma ndogo. Nilidhani atanifukuza. Kisha alimwomba dada shati, akaingiza mikono taratibu, akakosea vifungo, akavifungua, akavifunga upya. Bodaboda bado alikuwa anangoja barabarani. Tulipanda wawili, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika kiuno, tukaenda Garsen kumwona muuguzi.